Maneno ya Kiingereza yenye "ough": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Herufi nne, o, u, g na h, zikikaa pamoja kwa mpangilio huo, zimewatoa jasho hata watu waliosoma Kiingereza tangu chekechea hadi chuo kikuu. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa na wanafunzi wangu wa masomo ya jioni, wengi wao watu wazima wanaojiandaa kwa usaili, mtihani au safari.

Matamshi nimeyaandika kwa herufi zetu za Kiswahili. Kwa kazi hii zinafaa kuliko watu wanavyodhani: tunayo "th" ya thelathini, "dh" ya dhahabu na "kh" ya Khamis, na zote tatu tutazihitaji. Nikiandika irabu mara mbili, kwa mfano 'oo', namaanisha o inayovutwa kama katika choo. Si u.

"ough" inatamkwaje?

Hakuna jibu moja, na atakayekupa jibu moja anakupoteza. Tazama haya. "Though" ni 'dho', pamoja na u hafifu inayofifia mwishoni. "Through" ni 'thruu'. "Bough", yaani tawi kubwa la mti, ni 'bau'. "Cough", kikohozi, ni 'kof'. "Rough" ni 'raf'. "Thought" ni 'thoot'. "Borough" kwa Mwingereza ni 'bara', a ya mwisho ikiwa haisikiki vizuri. "Hiccough", kwikwi, ni 'hikap'. "Lough", ziwa huko Ireland, ni 'lokh'.

Hizo ni tisa. Wengine watakuambia sita, wengine kumi. Tofauti inatokana na lafudhi ya anayehesabu, na kama ameyaingiza majina ya watu na miji au ameyaacha nje. Usipoteze muda kubishania idadi.

Kwani hakuna kanuni hata moja?

Ipo moja na nusu.

Ile nzima ni hii: ukiona t imefuata mara baada ya "ough", soma 'oot'. "Bought", "brought", "fought", "sought", "thought", "ought", "nought", "wrought": zote zinafuata mkondo huo bila ubishi. Ukiijua hiyo umeshatatua karibu nusu ya maneno utakayokutana nayo gazetini.

Sasa kasoro yake. Kuna neno moja la kawaida linaloivunja, na kwa bahati mbaya ni neno ambalo sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kulikwepa: "drought", ukame. Hilo ni 'draut'. Nilikuwa na mwanafunzi aliyetaka kuwa mtangazaji wa redio. Alisoma taarifa ya kilimo kwa sauti nzito ya kujiamini, akafika kwenye ukame akasema 'droot', akaendelea bila kupepesa jicho. Kwa kanuni alikuwa sahihi kabisa. Kwa masikio ya wasikilizaji alikuwa ametamka neno lisilokuwepo. Kwa hiyo "drought" likariri peke yake, tena mapema, kabla ya kukariri kanuni yenyewe. Lipo na "doughty", 'dauti', maana yake shupavu, lakini hilo unaweza kuishi miaka yote bila kuhitaji kulisema.

Ile nusu kanuni: g yenyewe haitamkwi. Inaweza kuwa f, inaweza kuwa kimya, mara chache sana inakuwa k au kh, lakini g ya gari husikii. Ukijikuta unasema 'thrug' au 'kogh', simama hapohapo.

Kwa nini Waingereza waliandika gh kama hawaitamki?

Walikuwa wakiitamka. Hapo ndipo ufunguo wa habari yote ulipo.

Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1066, maneno haya yalikuwa na sauti ya kukwaruza kooni, ileile unayoisikia mtu wa Unguja anapotaja jina Khamis au anaposema sabalkheri. Wakati huo iliandikwa kwa h peke yake: "niht" kwa usiku, "dohtor" kwa binti. Wajerumani, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kiingereza, bado wanaikwaruza: usiku kwao ni "Nacht", binti ni "Tochter". Na mzee wa Kiskoti anayezungumza lahaja yake bado anaweza kukuambia "nicht" bila aibu.

Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza mwaka huo wa 1066, kazi ya kuandika iliangukia polepole mikononi mwa makarani waliofunzwa kwa mtindo wa Kifaransa. Kwao h ilikuwa herufi nyonge, karibu haina sauti, haikutosha kubeba mkwaruzo mzito kama ule. Kwa muda ikatumika herufi ya kizamani iliyoitwa yogh, inayofanana na tarakimu 3, na hatimaye makarani wakatulia kwenye gh. Kwa akili ya wakati ule ilikuwa tahajia nzuri kabisa: sauti moja, alama moja.

Halafu ukaja uchapaji. William Caxton alifungua mtambo wake Westminster mwaka 1476, baada ya kuishi miaka mingi Bruges, mji ulio katika Ubelgiji ya leo. Vitabu vikaanza kutoka kwa mamia, na tahajia iliyoingia vitabuni ikaanza kuganda. Tatizo ni kwamba vinywa havikuganda. Kati ya karne ya 15 na ya 17 sauti ile ya kh ilikuwa inakufa kusini mwa Uingereza, na ilipomaliza kufa, gh ilikuwa tayari imepigwa chapa kila mahali. Ikabaki.

Kwetu jambo kama hilo lilikwenda kinyume. Vitabu vya zamani vya Kiswahili vinaandika khabari, khofu, khatari. Wasemaji wengi wakaacha kukwaruza, na tahajia ikawafuata: habari, hofu, hatari. Kiswahili kilipata kamati ya lugha mwaka 1930, yenye kazi ya kusanifisha tahajia, na baadaye mabaraza na taasisi zikaendeleza. Kiingereza hakijawahi kuwa na chombo chenye mamlaka ya namna hiyo. Hakuna baraza la kumwambia Mwingereza afute gh, na mimi nadhani hata lingekuwepo angelipuuza.

Mbona basi katika maneno mengine gh imekuwa f?

Simama mbele ya kioo. Sema kh, ukiwa umeviringa midomo kama mtu anayetaka kusema u. Sasa acha pumzi iendelee kupita na ulegeze koo. Mkwaruzo unahama kutoka kooni kuja midomoni, na unachosikia kinakaribia sana f. Ndivyo ilivyotokea kwa "cough", "rough", "tough", "enough", "trough" na "laugh". Kila moja lina irabu ya kuviringa midomo, au ilikuwa nayo zamani. Katika maneno kama "night" na "light", ambayo irabu yake hutamkwa midomo ikiwa wazi, f haikupata nafasi ya kuzaliwa; sauti ikayeyuka tu.

Lakini utauliza, sawa, "dough" nayo ina o, mbona haikuwa 'dof'? Kwa sababu mabadiliko haya hayakutokea Uingereza nzima kwa pamoja. Kijiji hiki kilisema f, kile kilinyamaza, na London iliokota matamshi huku na huko, kutoka kwa wahamiaji wa kila upande. "Dough", kinyunga cha unga, ilipokewa kimya kama 'do'. Kaskazini walisema 'daf', na matamshi hayo yamesalia hadi leo katika "plum duff", kitindamlo cha unga na zabibu kavu kinachochemshwa. Neno moja, njia mbili, kila moja na tahajia yake. "Enough" nayo ilikuwa na ndugu aliyeitwa "enow", 'inau', ambaye sasa amebaki kwenye mashairi ya zamani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna hata o ndani yake. Andika "laughter", kicheko: 'lafta'. Ongeza s moja mbele: "slaughter", mauaji au uchinjaji: 'sloota'. Anayedai kwamba Kiingereza kinasomeka kama kilivyoandikwa mpe hayo mawili ayasome kwa sauti.

Na tunao ushahidi wa f hiyo hapa nyumbani. Mchezo wa drafti, ule unaochezwa vijiweni kwa vizibo vya soda, umetoka kwa neno la Kiingereza "draughts". Aliyelileta hakuliona limeandikwa, alilisikia, na masikio yake yalisikia f. Vivyo hivyo plau la kulimia limetoka kwa "plough", na aliyelisikia hakusikia f wala g. Wote wawili walisikia vizuri.

Irabu nazo zimeharibika vipi?

Hiyo ni hadithi nyingine iliyotokea karibu wakati uleule. Kuanzia takriban mwaka 1400 hadi 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilihama zote: uu ikawa au, oo ikawa uu, na kadhalika. Gh ilipokuwa inakufa, mara nyingine iliirefusha irabu iliyo mbele yake na mara nyingine haikufanya hivyo. Kwa hiyo maneno yaliingia kwenye mhamo huo yakiwa na urefu tofauti, na yakatoka yakiwa na sauti tofauti.

Ninachanganya "though", "through", "thorough", "thought", "tough" na "trough". Nifanyeje?

Kila mtu huyachanganya, wakiwemo Waingereza wakiandika haraka. Usiyajifunze kama orodha. Yakipangwa mstari mmoja ndiyo yanaambukizana.

Anza na sauti ya mwanzo, maana huko Mswahili ana faida. "Though" inaanza na dh ya dhahabu. Nyingine zenye th, yaani "through", "thorough" na "thought", zinaanza na th ya thelathini. Mjerumani na Mfaransa wanahangaika miaka na tofauti hiyo. Wewe unayo tayari, itumie. "Though" basi ni 'dho', maana yake ingawa, na nduguye "although" ni 'ooldho'.

"Through" na "thorough" zinastahili kusemwa pamoja kwa sababu zamani zilikuwa neno moja. Liliposemwa bila mkazo lilibaki fupi, likawa 'thruu', kupitia. Liliposemwa kwa mkazo lilipata silabi ya pili, likawa 'thara' kwa Mwingereza na 'tharo' kwa Mmarekani, maana yake kamili, kwa kina. Ufanyaji kazi wa "thorough" ni ule unaopita ndani ya jambo zima hadi upande wa pili. Ndiyo maana barabara ya kupita huitwa "thoroughfare": ni ule ule upitaji. Kosa ninalolikuta sana kwenye barua za maombi ya kazi ni mtu kuandika kwamba amefanya "through research". Programu ya kusahihisha tahajia haitakuokoa hapo, kwa sababu "through" ni neno halali.

"Tough" na "trough" hazina h baada ya t. 'Taf' ni ngumu, 'trof' ni hori la kunyweshea mifugo. La pili nalo linasikika sana siku hizi kwenye utabiri wa hali ya hewa, likimaanisha ukanda wa mgandamizo mdogo.

"Thought" ina t mwishoni, kwa hiyo kanuni yetu inafanya kazi. Imetoka.

Na "bought" na "brought"?

Herufi r inakuelekeza. Kitenzi "bring" kina r, na wakati wake uliopita una r: "brought", alileta. "Buy" haina r, na "bought" haina r: alinunua. Ukiwa shakani rudi kwenye kitenzi cha mwanzo.

Nikiwa hapo: "wrought" ni wakati uliopita wa zamani wa "work". Mafundi wa mageti wanaijua kupitia "wrought iron", 'root aian', chuma cha kufuliwa. Wengi hudhani ni neno la jina la kampuni.

gh yetu ya lugha, ghali na ghorofa ina uhusiano na hiyo?

Kwa asili, hapana. Gh ya Kiswahili imetoka kwenye herufi ghain ya Kiarabu na ina sauti yake, hata kama siku hizi wasemaji wengi wa bara wanasema 'luga'. Kinachochekesha ni kwamba Kiingereza nacho kimewahi kuikopa ghain. "Ghoul", jinamizi la makaburini, ni neno la Kiarabu. Mwingereza hawezi kuitamka gh yake, anasema 'guul'. "Ghee", samli, ilitoka Bara Hindi.

"Ghost" ni kisa kingine. Kiingereza cha kale kiliandika bila h. Inaaminika h hiyo ilipenyezwa na wachapaji wa Caxton, waliozoea tahajia ya Kiflandi, lugha ya kule Bruges. Walijaribu pia kuandika mbuzi na bata bukini kwa gh. Hizo hazikudumu. Mzuka peke yake ndio uliobaki na h, na labda inamfaa.

Kanuni ya kushika ni rahisi: gh ikiwa mwanzoni mwa neno la Kiingereza ni g tu, siku zote.

Niandike "hiccough" au "hiccup"?

"Hiccup". Hilo ndilo la asili, linaiga sauti ya kwikwi yenyewe. Karne ya 17 watu wakadhani lina uhusiano na kikohozi, wakaliingizia "cough" bila kubadilisha matamshi. Ni elimu ya kubuni, na matokeo yake ni kwamba "ough" imepewa sauti ya 'ap' ambayo hakuna popote pengine ilipo. Kamusi zinalikubali, lakini sioni sababu ya kulitumia.

Si hilo tu. "Delight" iliandikwa "delite" kwa muda mrefu, maana ilitoka Kifaransa na haikuwahi kuwa na mkwaruzo wowote. Mtu akaitazama "light", akaona ni vizuri zifanane.

Majina ya miji nayo ni hivyo hivyo?

Mabaya zaidi, kwa sababu miji haifuati hata kamusi. Slough, mji ulio magharibi mwa London karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, ni 'slau'. Neno hilohilo likiandikwa kwa herufi ndogo lina mambo matatu: dimbwi la matope, ambalo Mwingereza huliita 'slau', kinamasi, ambacho Mmarekani hukiita 'sluu', na kitendo cha nyoka kujivua gamba, ambacho ni 'slaf'.

Loughborough, katika jimbo la Leicestershire, ina "ough" mbili ndani ya jina moja, na kila moja ina sauti yake: 'Lafbara'. Kuna utani wa siku nyingi kuhusu mgeni aliyeuliza njia ya kwenda 'Lugabaruga', na utani huo umependwa na wenyeji wenyewe. Scarborough ni 'Skaabara'. Middlesbrough inaandikwa kwa o moja tu katika sehemu ya mwisho, "brough" na si "borough". Ukiikosea mbele ya shabiki wa timu yao ya mpira utasahihishwa papo hapo. New York ina "boroughs" tano, na huko ni 'baroz'.

Ukivuka bahari kwenda Ireland, "lough" ni ziwa na ni kaka wa "loch" ya Scotland. Kubwa kuliko yote ni Lough Neagh, 'Lokh Nei', lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 390. Hapa Waswahili tunawashinda Waingereza: wengi wao husema 'lok', kwa kuwa kh imewatoka kinywani tangu enzi za mababu.

Kwa wapenda visa: ile herufi ya yogh niliyoitaja juu haikuwemo katika seti za herufi za chuma zilizoletwa kutoka ng'ambo. Waskoti wakaziba pengo kwa z. Ndiyo maana jina la Kiskoti Menzies kwa asili husomwa 'Mingis', na mwanasiasa Menzies Campbell, aliyeongoza chama cha Liberal Democrats kati ya 2006 na 2007, alijulikana kama Ming.

Wamarekani si walirahisisha?

Walijaribu, na walifanikiwa kwa kiasi. Noah Webster, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1828, alitaka tahajia ya taifa jipya iachane na ya Uingereza. Leo Mmarekani anaandika "plow" na "draft" pale Mwingereza anapoandika "plough" na "draught". "Donut" nayo ipo mitaani kila mahali, ingawa "doughnut" haijafa.

Jaribio kubwa lilikuwa la mwaka 1906. Tajiri Andrew Carnegie aligharamia bodi ya kurahisisha tahajia, na Rais Theodore Roosevelt akaagiza wachapaji wa serikali watumie orodha ya bodi hiyo, maneno 300, yakiwemo "tho", "thru" na "thoro". Magazeti yalimkejeli, Bunge likagoma, na kabla mwaka haujaisha akarudi nyuma. Ukiitazama orodha ile leo utashangaa ni mengi kiasi gani yaliyopita kimyakimya: "honor", "color", "program". Yaliyokwama ni haya yetu ya "ough".

Gazeti la Chicago Tribune lilijaribu tena kuanzia 1934. Kwa miongo minne wasomaji wake walikula "tho" na "thru" na chai ya asubuhi. Mwaka 1975 gazeti likasalimu amri. Sababu mojawapo waliyoieleza ni ya kimalezi: hawakutaka kuzidisha ugomvi kati ya mtoto na mwalimu wake. Maoni yangu ni kwamba waliachia mapema mno.

Ni kweli mwandishi wa tamthilia Bernard Shaw alisema samaki aandikwe "ghoti"?

Fumbo lenyewe ni hili: chukua gh ya "enough", ambayo ni f, chukua o ya "women", ambayo ni i, chukua ti ya "nation", ambayo ni sh. Unapata "ghoti", na inasomeka 'fish'. Shaw alichukia tahajia ya Kiingereza kweli, hata katika wosia wake akaacha fedha za kubuni alfabeti mpya. Lakini fumbo hilo limo katika barua ya mwaka 1855, na yeye alizaliwa 1856.

Isitoshe fumbo lina udanganyifu. Umeshasoma hapo juu kwamba gh mwanzoni mwa neno ni g siku zote, na ti haiwi sh ikiwa mwisho wa neno. Mwingereza yeyote akiliona "ghoti" atasema 'goti'. Sisi tungedhani ni goti.

Kwenye mtihani niandike "thru" au "through"?

"Through". "Thru" na "tho" ziache kwenye ujumbe wa simu na kwenye vibao vya migahawa ya kununua chakula ukiwa garini. Kuhusu "plough" na "plow", mitihani ya kimataifa kama IELTS inakubali tahajia ya Uingereza na ya Marekani, ila chagua moja uishike mwanzo hadi mwisho. Ukiandika mitihani yetu ya taifa, shikamana na ya Uingereza.

Mtoto wangu yuko darasa la nne. Nimkaririshe?

Usimpe yote kwa mkupuo. Mpe "bought, brought, thought" wiki moja, ayatumie kwenye sentensi zake mwenyewe. Wiki nyingine mpe "rough, tough, enough". Halafu "through" peke yake, na "though" peke yake, kila moja kwa siku yake. Ukimwekea "though" na "tough" kwenye ukurasa mmoja umemfundisha kuzichanganya. Mtoto anayesoma Kiswahili vizuri amezoea kwamba herufi husema kweli, na atadhani kosa ni lake. Mwambie mapema kwamba kosa ni la tahajia.

Kwenye Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa herufi, zina faida?

Kiasi. O na U zina pointi moja moja, G mbili, H nne, jumla nane. Ukiwa na S mkononi una "sough", mvumo wa upepo mitini. Ukiwa na CH una "chough", 'chaf', ndege wa jamii ya kunguru mwenye miguu myekundu. "Clough", bonde jembamba, nalo linapita.

Nikitaka kufanya mazoezi, nianze na nini?

Soma sentensi hii kwa sauti, polepole, kisha kwa kasi ya kawaida: "The drought was tough, though we had bought enough dough; Asha coughed all the way through Loughborough." Ukiisoma kwa Kiswahili inakuwa hivi: 'Dhe draut woz taf, dho wi had boot inaf do, Asha koft ool dhe wei thruu Lafbara.' Wanafunzi wangu wengi hukwama kwenye 'draut', tena hata wale waliosoma ukurasa huu tangu juu.